Kava la kanda lilikuwa na majina

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu kutoweka kwa albamu za kanda na CD katika soko la muziki wetu, ambayo mwandishi wake alimalizia kwa kusema kwamba msanii wa leo ametoka utumwani na ni mtu huru, kwa kuwa halazimiki tena kupanda basi kwenda Kariakoo kumbembeleza msambazaji anunue kazi yake. Sina ugomvi na mwandishi huyo, na mengi aliyoyaandika ni ya kweli. Naomba tu nafasi katika safu yenu ya barua nieleze jambo moja aliloliruka, na ninalieleza nikiwa mtu aliyekula na kusomesha watoto kwa biashara hiyo hiyo tangu mwaka 1986, kwanza kwa kuuza kanda, baadaye CD, na siku hizi kwa kuingiza nyimbo kwenye flashi na simu za wateja hapa Ngamiani, Tanga.

Jambo lenyewe ni hili. Muziki umehama kutoka kwenye kanda ukaingia kwenye simu, na fedha zimeufuata huko ulikokwenda, lakini majina ya watu walioutengeneza yameachwa njiani. Kanda ilikuwa na kava, na juu ya kava paliandikwa nani ameimba, nani ametunga, nani amepiga solo, nani bezi na nani tumba. Wimbo wa leo una akaunti, na akaunti ina mwenyewe mmoja. Huyo ndiye anayejulikana na huyo ndiye anayelipwa, hata kama siku ya kurekodi hakuwepo studio, au alikuwa hajazaliwa.

Mwaka juzi, siku chache kabla ya Ramadhani, aliingia dukani kwangu mzee mmoja ambaye enzi zake alikuwa mpiga fidla katika kikundi kimojawapo cha taarab cha mji huu. Sitamtaja, kwa sababu hakunituma kumsemea. Alikuwa na simu ya kitochi yenye nafasi ya memori kadi, akataka nyimbo kumi, na katika hizo kumi mbili alizipiga yeye. Kijana wangu akaanza kuzitafuta mtandaoni, kwa maana kanda zenyewe nilikwisha kuziuza au zimeliwa na ukungu. Wimbo wa kwanza kati ya hizo mbili ukapatikana YouTube, umepandishwa na mtu ambaye hapana hata mmoja wetu aliyemjua, juu yake pamewekwa picha ya mwanamke ambaye wala hakuwa mwimbaji wa wimbo ule, na idadi ya waliousikiliza ilikuwa imepita laki tatu. Mzee akasogeza miwani, akasoma kila kilichoandikwa kwenye skrini, kisha akauliza, "Na sisi tuliopiga tumeandikwa wapi, mwanangu?" Kijana akashuka na ukurasa mpaka chini kabisa kwenye maoni, akapanda tena mpaka juu. "Hamjaandikwa, babu." Mzee hakuongeza neno. Tukamwingizia nyimbo zake kumi, nami nikamtoza shilingi elfu moja, mia kwa kila wimbo, kama ninavyomtoza mteja mwingine yeyote. Alipokwisha kuvuka barabara ndipo nilipotambua kwamba nimemuuzia mtu kazi ya mikono yake mwenyewe.

Nisije nikaeleweka kwamba naililia biashara ya kanda, kwa maana hakuna anayeijua aibu yake kuliko sisi tuliokuwa ndani. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zetu zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ili zisikike hewani, na zilizotaka sahani zilitazama Nairobi, ambako ndiko viwanda vilikokuwa. Hata sahani za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ambazo zilikuwa fahari ya Tanga, zilitujia kutoka Kenya. Kanda ilipoingia, kila mwenye redio ya deki mbili akawa kiwanda. Mimi nilikuwa kiwanda. Kanda moja niliyoinunua kihalali ilizaa nyingine ishirini kabla ya adhana ya alfajiri, na fedha ya hizo ishirini haikumfikia mtu yeyote aliyewahi kushika gitaa. Kulikuwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966, lakini mtaani kwetu hapakuwa na aliyewahi kuisikia, na nisingependa kujifanya kwamba ningeisikia ningeacha.

Walipokuja vijana wa muziki wa kizazi kipya, redio binafsi zikiwa zimefunguliwa tangu katikati ya miaka ya 1990, biashara ilipanda ngazi ikawa ya wasambazaji wakubwa. Mwaka 2003 nilimsindikiza kijana mmoja wa barabara ya nyuma yetu kupeleka masta yake, yaani rekodi ya kwanza ya kudurufia, Dar es Salaam. Tulikaa kwenye benchi dukani kwa msambazaji, ambaye naye simtaji, tangu saa nne asubuhi hadi baada ya swala ya alasiri. Akatuita, akasikiliza nusu ya wimbo wa kwanza na mwanzo wa wimbo wa tatu, akatoa karatasi moja iliyochapwa, kijana akatia sahihi, akahesabiwa fedha taslimu ambayo kwa wakati ule ilitosha godoro, baiskeli na nauli ya kurudi. Kanda zile zilifika Mwanza na Kigoma. Tulijua kwa sababu watu walimpigia simu. Zilitolewa ngapi, aliyejua ni aliyezitoa. Ndiyo maana nasema mwandishi wenu hakukosea alipouita utaratibu ule utumwa.

Hata hivyo kava la kanda ile ninalo. Limeandikwa jina la studio, majina ya watayarishaji wawili, jina la binti aliyeimba kiitikio katika nyimbo mbili, la jirani aliyepiga gitaa katika wimbo wa mwisho, na shukrani kwa mama mzazi, kwa dereva wa basi aliyewapa lifti na kwa watu wengine kama ishirini. Kava halikumlipa mtu hata senti. Lilikuwa ushahidi tu. Miaka ishirini baadaye, mtu akitaka kudai kwamba sauti ile ni yake, ana mahali pa kuonyesha kidole. Katika kanda za bendi na za taarab mambo haya yalizingatiwa zaidi, hata mimi mdurufu nilikuwa nikipiga majina kwa taipureta kwenye vikaratasi vyangu vya magendo, kwa sababu wateja wangu walikuwa wakibishana juu ya nani amecharaza solo mpaka wakakaribia kushikana mashati, na kanda isiyo na majina haikuuzika.

Watu wengi husema kwamba mtandao ndio ulioua albamu. Kwetu albamu iliuawa mapema zaidi, na aliyeiua ni CD ya MP3. Kompyuta zilipoanza kuenea, mtu mmoja aliweza kukusanya nyimbo mia kutoka katika albamu thelathini, akazichoma kwenye sahani moja, na sahani hiyo ikauzwa kwa bei ambayo jana yake ulikuwa hupati hata kanda moja yenye nyimbo kumi. Hapo ndipo mnunuzi alipozoea kwamba wimbo ni kitu cha peke yake, kisicho na ndugu wala karatasi. Baadaye ikaja flashi, ikaja memori kadi, na kava likafa rasmi. Serikali nayo ilifika na dawa wakati mgonjwa keshazikwa: kwanza stika za hakimiliki kwa kanuni za mwaka 2006, kisha mwaka 2013 stempu za Mamlaka ya Mapato, TRA, kwa kazi za muziki na filamu. Nilizibandika kwa uaminifu, Ndugu Mhariri, lakini nilizibandika kwenye bidhaa ambayo ilikuwa inajikalia kabatini. Wateja waliokuwa wakinijia walikuwa wameshika flashi mkononi.

Wasanii walioiona hali hiyo mapema walitafuta milango mingine. Miito ya simu iliwapa kitu kwa miaka kadhaa, ingawa makato ya wale waliokaa katikati yaliwaliza wengi. Ikaja YouTube, ambayo humlipa mwenye chaneli kutokana na matangazo, na malipo hayo hutegemea sana mtazamaji yuko nchi gani, kiasi kwamba Mswahili mmoja aliyeko Muscat au Minnesota aweza kumwingizia msanii zaidi ya watazamaji kadhaa wa Korogwe wakiwekwa pamoja. Diamond Platnumz, ambaye hata wasiompenda wanakiri kwamba anaijua biashara, mwaka 2017 alifungua Wasafi.com akauza nyimbo moja moja kwa bei ya shilingi mia tatu, na baadaye akamiliki redio na televisheni za kuzipigia. Mdundo, iliyoanzia Kenya, ikachukua njia ya kumpa msikilizaji wimbo bure pamoja na tangazo, na mwaka 2020 ikaingia katika soko la hisa la Copenhagen. Boomplay, programu ya kusikilizia muziki, ikaja tayari imo ndani ya simu za Tecno, mnunuzi anaikuta tu akiwasha. Spotify, jukwaa la kimataifa la kusikilizia muziki mtandaoni, ilitufikia Februari 2021. Msanii akawa anatoa wimbo mmoja baada ya mwingine mwaka mzima, badala ya kukaa miaka miwili akipika albamu, na mapato yake makubwa akawa anayatarajia kwenye shoo na kwenye mikataba ya kutangaza sabuni, soda na laini za simu.

Kwa dunia nzima hesabu zinaonyesha kwamba mabadiliko haya yamefaulu. Kwa mujibu wa IFPI, shirikisho la kimataifa la makampuni ya kurekodi, mauzo ya muziki uliorekodiwa yalifikia dola za Marekani bilioni 29.6 mwaka 2024, na asilimia 69 ya fedha hizo zilitokana na usikilizaji wa mtandaoni. Lakini katika bilioni hizo, Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara ilikuwa na dola kama milioni 110, na karibu robo tatu yake ni ya Afrika Kusini peke yake. Kinachobaki kinagawiwa Nigeria, Kenya, sisi na wengine wote. Mkate wetu ni mdogo, na ndiyo sababu inapasa kuangalia unakatwaje.

Nimejitahidi kuelewa unavyokatwa, na nitaeleza kama nilivyoelewa. Katika majukwaa ya kulipia kwa mwezi hakuna bei maalumu ya wimbo mmoja kusikilizwa mara moja. Ada za wasikilizaji na fedha za matangazo hutiwa kapu moja. Jukwaa hubakiza takriban theluthi, na zilizobaki hugawiwa wenye haki kwa kadiri nyimbo zao zilivyochukua sehemu ya usikilizaji wote. Tangu mwaka 2024 Spotify imeweka sharti kwamba wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi kumi na miwili haulipwi chochote katika fungu hilo. Msanii wa mtaani hawezi kuingia huko moja kwa moja. Hupitia kwa wakala wa mtandaoni anayetoza ada ya mwaka au asilimia. Yote hayo yana ugumu wake, na wachumi wa muziki watayajadili vizuri kuliko mimi. Ninachotaka msomaji akione ni hiki kwamba fedha, iwe nyingi au kidogo, ikishatoka kapuni inakwenda kwa aliyejaza fomu. Msambazaji wa zamani tulimlaani kwa sababu alijua peke yake idadi ya kanda. Leo idadi iko wazi, kila mtu anaisoma, na bado mpiga kinanda hapati, kwa sababu kwenye fomu hayumo.

Nimeishuhudia fomu hiyo ikijazwa. Mpwa wangu ni mpiga kinanda katika studio moja jijini Dar es Salaam, na alipokuja Idi alikuja na rafiki yake mwimbaji ambaye alikuwa na wimbo mpya wa kupandisha. Walikaa na kompyuta dukani kwangu kwa sababu nina intaneti. Fomu ilikuwa na nafasi ya mtunzi wa maneno, ya mtunzi wa muziki, ya mtayarishaji, ya kila mpigaji na chombo alichopiga, hata ya fundi wa sauti. Mwimbaji akaandika jina lake la kisanii kwenye nafasi ya mwimbaji, kwenye mtunzi wa maneno akarudia, kwenye mtunzi wa muziki akarudia, na palipoandikwa wapigaji akaruka. Mpwa wangu, ambaye kinanda chake ndicho kinachoufungua wimbo ule na ndicho watu wanachokiigiza kwa mdomo wakipita na bodaboda, alikuwa amekaa pembeni yake anakunywa soda. Nilimuuliza baadaye kwa nini alinyamaza. Akanijibu, "Mjomba, mimi nilishalipwa yangu, elfu thelathini, siku ile ile." Nikamuuliza makubaliano yako wapi. Akanionyesha ujumbe wa WhatsApp: "Bro njoo kesho saa nane tuna kitu."

Simlaumu mwimbaji yule. Hakukusudia kuiba, alikuwa na haraka, na hakuna aliyemwambia kwamba kile kijisehemu alichokiruka ndicho kava la siku hizi. Spotify tangu mwaka 2018 huwaonyesha wasikilizaji majina ya watunzi na watayarishaji, na kila rekodi inayopandishwa kwa utaratibu hupewa msimbo wake wa kimataifa, ule wanaouita ISRC, wenye tarakimu na herufi kumi na mbili. Mitambo ya kutunza majina ipo tayari, na ina nafasi kuliko karatasi yoyote niliyowahi kuikunja ndani ya kasha la plastiki. Kilichokosekana ni mazoea. Katika zama za bendi mazoea hayo yalilindwa na wapenzi wenyewe waliokuwa wakibishana juu ya solo. Msikilizaji wa sasa hana karatasi ya kubishania.

Hapa niruhusu nichepuke kidogo. Tunaambiwa kwamba Marekani santuri zimerudi, na takwimu zao zinathibitisha: mwaka 2020 mapato ya santuri yaliyapita ya CD kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1986, na mwaka 2022 hata idadi ya sahani ikazidi, takriban milioni 41 dhidi ya milioni 33. Watu hao wote wana simu zenye nyimbo za dunia nzima. Hawanunui sauti, sauti wanayo. Wananunua lile jaketi kubwa, picha zake na maandishi yake, wapate kujua wanamsikiliza nani. Nasi tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1989 lebo ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa nyimbo za vikundi vyetu vya hapa Tanga, Black Star na Lucky Star, ambavyo marehemu Bi Shakila aliviimbia vyote viwili, na baadaye lebo ya Buda Musique ya Ufaransa ikafanya hivyo kwa muziki wa Zanzibar na pwani yote. Mgeni mmoja aliwahi kunionyesha nakala. Nilitumia muda mrefu zaidi kusoma kijitabu kilichokuwa ndani kuliko kusikiliza nyimbo, kwa maana nyimbo nilikuwa nazijua kwa moyo, ila sikutazamia kusoma habari za watu wa barabara za Ngamiani katika kitabu kilichochapwa Ulaya. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi sahani hakwenda peke yake, na kama tunawajua akina Mbaruk Talsam na Buda bin Mwendo waliofuatana naye ni kwa sababu kuna watu walioona haja ya kuwaandika.

Sasa nije kwenye maombi yangu. Sheria yetu ya mwaka 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na hilo neno la pili, ambalo hata wasanii wenyewe hulimeza wanapoitaja sheria hiyo, ndilo linalomhusu mpiga fidla wangu, kwa sababu linazungumzia haki ya aliyeshiriki kuiimba au kuipiga kazi bila kuitunga. Januari 2022 COSOTA, ambayo ndiyo Ofisi ya Hakimiliki ya nchi yetu, iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya elfu moja, jambo ambalo tulilisubiri sana na ambalo nalipongeza. Lakini mgawo wa namna hiyo hufuata daftari la kazi zilizosajiliwa. Naiomba basi Ofisi ya Hakimiliki isiupokee usajili wa wimbo wowote mpaka fomu iwe na majina ya wote walioshiriki na mafungu waliyokubaliana, yametiwa sahihi, hata kama fungu la mtu ni asilimia moja, na hata kama mtu ameamua kwa hiari yake kwamba malipo ya siku moja yanamtosha. Aliyeamua hivyo aandike kwamba ameamua hivyo.

Kwa nyimbo za zamani kazi ni ngumu zaidi, na muda uliobaki ni mdogo. Kanda kubwa za Radio Tanzania ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, na kila mwaka zinazidi kupandishwa mtandaoni nyimbo za wakati ule na watu waliozirekodi kutoka redioni, kila mmoja akiweka picha anayoipenda na kichwa cha wimbo anachokikumbuka. Nimeona wimbo mmoja una majina matatu tofauti. Mafundi wa mitambo na watangazaji waliosimamia rekodi zile wangali wapo baadhi yao, na wapigaji wapo wachache. Waende watu wawili na daftari, wakae nao, wawapigie nyimbo moja baada ya nyingine na kuwauliza ni nani huyu anayepiga hapa. Haihitaji kongamano wala hoteli.

Na kwenu pia nina ombi, Ndugu Mhariri. Kila wiki kurasa zenu za burudani zina habari ya wimbo mpya, na kila wiki nasoma jina la mwimbaji, gari la mwimbaji, na aliyeachana na mwimbaji. Ongezeni mstari mmoja tu chini ya habari hiyo: aliyetunga, aliyetayarisha, waliopiga. Mwandishi wenu akimpigia simu meneja na kuambiwa hayajulikani, basi andikeni kwamba meneja amesema hayajulikani, nami nina hakika wiki inayofuata yatajulikana.

Mimi kwa upande wangu nimeanza kupekua. Nina sanduku la bati chini ya kaunta lenye kava za kanda zaidi ya mia nne, nyingine halali, nyingine za taipureta yangu ambazo sasa nazionea haya na kuzionea fahari kwa pamoja. Panya wamekula pembe za baadhi, ila maandishi yanasomeka. Mtu yeyote kutoka Ofisi ya Hakimiliki, TBC au chuo chochote akitaka kuzipiga picha, anikute dukani, hufungua saa tatu asubuhi na hufunga Ijumaa mchana tu. Kava la kanda ya yule mzee nimelipata juma lililopita. Jina lake lipo, mstari wa tatu kutoka chini, kwa herufi ndogo, nalo limekosewa herufi moja. Nimemtumia mjukuu wake ujumbe kwamba babu aje alisahihishe mwenyewe.

Wako,
Muuza nyimbo,
Ngamiani, Tanga.